Moja Zaidi

Jumatatu, 3 Machi

Maziwa yamechemka yakamwagika tena. Nilikuwa nimesimama palepale jikoni, nayaangalia. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Mtaa wetu wote wa Sekei umekaa ndani ya wingu.

Mchana mwalimu mkuu kanipigia nikiwa kazini, duka la dawa. Anasema binti yetu Upendo yuko darasa la pili, lakini hesabu za darasa la tano anazimaliza huku anachungulia nje. Kule Njiro, upande wa pili wa mji, kuna shule ya watoto wenye vipaji. Ya bweni. Wanataka kumsaili. Baba yake kafurahi mpaka kashindwa kula.

Mimi nimekula. Sikusikia ladha.

Alhamisi, 6 Machi

Baba Upendo kanunua tranka. La bluu. Anafungua kufuli, anafunga, anafungua. Yeye alirudia darasa la nne. Anasema kwao mlimani waliokuwa na akili waliteremka, wengine wakabaki na migomba. Akili haiwezi kuzidi, anasema.

Mimi nilirushwa madarasa. Nikawa mdogo kuliko wote, miguu haigusi sakafu. Mapumziko nilikula peke yangu. Nimefika mbali, ni kweli. Lakini nikiota shule, naota uwanja mtupu na ukungu.

Jumamosi, 8 Machi

Halima wa nyumba ya pili kaja kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na Upendo na wenzao. Hesabu zinamtesa Halima. Katikati ya mpira, lakini, hakamatiki. Wangu anapigwa mpira wa kwanza tu, anatoka, anacheka mpaka anakaa chini.

Nimewaangalia mpaka nguo nilizoanika zikalowa manyunyu. Sijawahi kucheka hivyo nikiwa shule. Namwonea wivu mwanangu. Nimeona niandike.

Jumanne, 11 Machi

Njiro. Kuta ndefu, maua ya zambarau, kimya. Baba Upendo kavaa suti ya harusi yetu. Tumekaa kwenye benchi la nje, dirisha liko wazi, tunasikia kila kitu.

Mwalimu alikuwa mpole. Sita mara saba? Arobaini na tatu, kasema Upendo. Tisa mara nane? Sabini na tatu. Kumi na mbili mara kumi na mbili? Mia na arobaini na tano. Baba yake kashika kichwa. Hofu, ananinong'oneza, mtoto kaingiwa na hofu.

Haikuwa hofu. Sauti yake ilitulia kabisa. Kila jibu lilikuwa sahihi, halafu kaongeza moja.

Nikatazama maua. Nilihisi kama nimerudi kwenye ule uwanja wa ndotoni, mdogo kuliko wote. Njiani sikumwambia baba yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwuliza nikimsuka. Ni rahisi hivyo, hatutazamani.

"Kwa nini uliongeza moja?"

Kachezea kitana. Halafu: "Ningekosea ovyo ovyo, ningechanganyikiwa."

"Hukutaka kwenda?"

"Kule nitakuwa na akili tu, mama. Hapa niko na Halima."

Nimemaliza kumsuka nikiwa sioni vizuri. Kawadanganya watu wazima bila kupandisha sauti, na ana miaka minane. Naogopa. Leo kaificha akili yake ili abaki na rafiki. Kesho ataificha kwa ajili ya nani? Mume? Bosi? Nimemwambia asifanye tena. Akitaka kukataa, akatae kwa mdomo. Kaitikia. Sijui kama kaelewa. Kwa nini asielewe, huyu?

Ijumaa, 14 Machi

Shule imepiga simu. Wako tayari kumjaribu tena. Baba Upendo kapiga makofi. Ikabidi nimweleze.

Kwanza alicheka. Halafu: "Ulijua, ukaniacha nirudi na aibu yote ile?"

Nilijua, ndiyo.

"Mama Upendo, unajua mimi ningetoa nini nipate kichwa chake? Robo yake tu?"

Ana haki. Na mimi nina haki. Tumelala migongo imeelekeana. Nimeota mlima umekuja mpaka mlangoni, hautaki kuingia.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada tumepanda kwa bibi yake Upendo, huko mlimani, juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Baba Upendo akamchukua mtoto peke yao, wakaingia migombani. Niliona suruali yake na miguu ya mtoto chini ya majani, basi. Walikaa muda mrefu. Ukungu ukashuka, hata suruali sikuiona tena.

Waliporudi macho ya baba yalikuwa mekundu. "Kaniambia hataki," kasema. "Nimemwuliza, kanijibu kwa mdomo wake." Kesho atawapigia Njiro. Siyo mwaka huu. Mwakani tutamwuliza tena, yeye kwanza.

Sijui tumempa kitu au tumemnyima. Labda siku moja atatulaumu, na atakuwa na hoja nzuri kuliko zetu.

Jioni Upendo kalala mapajani kwa baba yake, kibarazani. Mguu wa baba umekufa ganzi, naona usoni kwake, lakini hausogezi. Bibi kaleta chai, kaiweka chini taratibu. Mvua imeanza kwenye mabati. Hakuna aliyeinuka.