Jeshi Langu la Kwenda Ndiva

Jumanne

Na bado wananiita Kamanda! Leo vijana wa kitongoji chetu walinijia na mapanga, niwaongoze kuwapiga watu wa juu mlimani walioziba maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yasishuke kwetu. Tangawizi inakauka. Haki ni yetu, hilo sibishi.

Walikuja kwangu kwa sababu nilipigana Uganda. Wengine hapa vita walivyopigana ni vya kilabuni tu.

Nikawaambia, "Sawa, wajukuu, nitawaongoza. Ila kila mmoja aje na mama yake, aniambie kwa mdomo wake kwamba nikirudi na panga la mwanawe bila mwanawe, hatanilaumu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Begi la rafiki yangu Elinihaki nililileta mimi kutoka vitani. Mama yake alilipokea, akaniuliza kama mtoto yuko nyuma anakuja. Mpaka leo ile sauti...

Jioni nikasimama uwanjani, kofia ya jeshi kichwani. Alikuja mama mmoja tu. Alikuwa anatafuta panga lake akakate majani ya ng'ombe.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kamanda, jeshi lako liko wapi?"

"Liko kwa mama zao," nikamjibu. "Lote zima."

Lakini maji bado yamezibwa. Kesho napanda kuongea na mzee wa hao watu wa juu, mikono mitupu, na kusema kweli naogopa kuliko Uganda. Mke wangu anasema atanisindikiza nisije nikatoroka njiani. Mimi, nitoroke!

Nimemwambia aje.