Aspirini kwa Mahindi ya Mama

Jumamosi, mwisho wa Julai, Shume. Ukungu umeinuka saa nne, na mimi tangu saa moja sijatulia.

Yamesimama! Mahindi ya mama yamesimama!

Ngoja nianze mwanzo, maana furaha inanirukisha mistari. Shamba letu la bondeni ndipo baridi ya mlima mzima inaposhukia kulala. Mwaka jana, msimu huu huu mfupi tunaouita mluati, miche ya mama ilinyauka yote ikiwa na majani matatu. Kaka yangu Shabani akasema imetosha. Tangu biashara iachiwe huru, malori ya Dar yanapanda mpaka huku kufuata karoti na kabichi, naye haoni kwa nini bonde lenye maji likae na mahindi ya kufa. Wakapatana na mama: mluati huu ukishindwa tena, bonde linakuwa la karoti.

Mama hakubishana. Lakini mbegu ile aliachiwa na bibi, huitundika darini juu ya meko ipate moshi, na hana pengine pa kuipanda. Bonde likienda, na mbegu imekwenda.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, basi nikajitia kimbelembele. Nilikuwa nimesoma kwenye intaneti, mjini Lushoto, kwamba mmea ukipigwa na baridi hauna pa kukimbilia, ila sehemu zake hupashana habari ndani kwa ndani kwa homoni. Homoni moja hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Nyingine, asidi ya salisiliki, huamsha ulinzi: mmea unaanza kusafisha sumu inayozaliwa na baridi na kujiwekea sukari. Shida ya mahindi ni kuchelewa kuamka. Na ndugu yake asidi hiyo anauzwa kila duka hapa Shume. Ni aspirini! Mbegu ikilowekwa humo kidogo kabla ya kupandwa, huota ikiwa imeshaonywa.

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Vidonge vya magoti yangu? Kwani mahindi yanaumwa wapi?"

Nikamwachia mabakuli mawili, moja la aspirini na moja la maji matupu. Nikamwambia achanganye mbegu vizuri, nusu huku na nusu huku, halafu nikakimbilia kipindi changu. Alipanda peke yake: mistari mitatu ya aspirini, akaichomekea vijiti, na mitatu ya maji.

Alfajiri ya leo sakitu, ule umande ulioganda barafu, imeanguka. Nimeshuka bondeni na moyo mkononi. Mistari ya maji imelala, majani yamelegea kama mchicha uliochemka. Yenye vijiti imeungua nchani tu. Chini ni kijani, na imesimama!

Nimepiga kelele hadi Shabani akadhani nimeona nyoka. Alipofika alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye jani moja, kisha jingine. "Haya," akasema, "karoti zisubiri." Kwa Shabani hiyo ni hotuba nzima.

Ni mama tu ambaye hakufurahi.

Alikuwa amesimama kwenye mistari iliyokufa, khanga mdomoni. Nilipomwendea akasema, "Mwanangu, sikuchanganya."

Kwetu mbegu ni punje za katikati ya hindi, zile nene. Za nchani, ndogo na zilizopinda, ni za unga na kuku. Mama alitia za katikati kwenye maji matupu. Kwenye aspirini yangu alitia za kuku.

"Niliona nisipoteze mbegu ya mama yangu kwa vidonge," akasema.

Nilitaka kuruka tena. Punje dhaifu zimezishinda zenye nguvu! Jaribio langu limeharibika na bado limetoka na jibu zuri kuliko nililoliomba. Kisha nikamtazama usoni. Yaliyolala pale miguuni pake ndiyo yalikuwa mahindi mazuri ya bibi.

Nakiri nimeumia kidogo. Wanafunzi wangu wananiamini, mama yangu hakuniamini. Lakini nakiri pia kwamba sikumweleza. Nilimpa amri na mabakuli, nikaenda zangu kuwaeleza watoto wa watu. Na nakiri la tatu: shamba moja na sakitu moja si ushahidi wa kutosha. Mwanafunzi akiniandikia hivyo, namkata alama.

Mchana tumekaa jikoni, nikamweleza yote, polepole, homoni na vitundu na sukari. Alisikiliza huku anachochea moto. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaangua hindi kutoka darini. Lilikuwa limebaki hilo moja.

Akapukuchua nchani, akawatupia kuku. Za katikati akanimiminia kiganjani.

"Hizi," akasema. "Zote. Zitie vidonge vyako, tukazipande kwenye mistari ile iliyokufa."

Mwalimu aliye ndani yangu anataka mstari mmoja wa maji matupu, wa kulinganisha. Bila huo sitajua lolote kwa uhakika. Nimezihesabu punje, nikazihesabu tena, kwa furaha na kwa woga.

Kesho nazilowesha zote.