Dada, Wametibu Jino la Shiku

Dada yangu Waithera,

Ningeanza na salamu, lakini nakujua. Ungeruka mistari ukitafuta jina la mtoto wako. Basi hili hapa: Shiku yuko sawa. Yuko nje na watoto wa jirani, hapa hapa mtaani Rhonda, na namsikia akiwapangia zamu za kuruka kamba. Yaliyompata ni ya meno, na ndiyo maana sina mtu mwingine wa kumwandikia ila wewe.

Unakumbuka ile asubuhi kule kijijini kwetu Kabazi? Ulikuwa darasa la pili, mimi sijaanza shule. Ulikuwa umekaa siku nyingi ukilalia shavu moja na kunywa uji tu. Mama alikushika mkono huu, mimi ule, tukateremka sokoni kwa yule mzee aliyeng'oa watu meno kwa koleo nyuma ya duka la mbegu. Hakukuwa na sindano ya ganzi. Mama alikupakata, akaibana mikono yako kwa mikono yake, na mzee akakuamuru ufungue mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu. Sauti uliyotoa sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwa mtu.

Jioni yake tukiwakatia ng'ombe majani, ulitema damu kando ya boma ukaniambia, "Hakuna mtu atanishika mdomo tena. Hakuna."

Nilidhani ni hasira tu. Kumbe ulikuwa unaapa.

Ukakua, ukaja mjini, ukajifunza kushona. Nilipomaliza shule ulinipokea bila hata kuuliza nitakaa hadi lini. Bado nakuona nyuma ya cherehani, sare za shule zimekuzunguka, pini umezibana midomoni huku unanipa maagizo ambayo sisikii hata moja. "Nimesema ukate hapa! Wewe husikii?" Na mimi nacheka, na Shiku analala ndani ya kikapu cha vitambaa.

Halafu likaja lile gego la chini. Ulitafuna karafuu. Ulinunua vidonge vya maumivu. Ulijifunga leso shavuni, ukawaambia wateja ni baridi ya asubuhi. Nilipokuambia twende kwa daktari wa meno, ulitikisa kichwa: "Litatulia." Halikutulia. Uvimbe uliteremka kutoka shavuni hadi shingoni, na siku uliposhindwa kumeza hata mate, ndipo ulipokubali kubebwa hospitalini. Madaktari walijitahidi. Usaha ulikuwa umeshafika pale pumzi zinapopita. Matangani watu walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini, "Jino? Jino linaweza kuua mtu?" Shiku alikuwa mgongoni mwangu, hajajua bado kuunga maneno.

Alipoanza kuuliza tulimwambia uliugua. Tukaishia hapo.

Sasa ana miaka mitano. Nilianza kumwona anatafuna githeri upande mmoja, kisha anaacha mahindi na kula maharagwe peke yake. Nilipomulika mdomo wake kwa tochi ya simu niliona magego mawili ya chini: moja limebomoka, la pili lina shimo jeusi. Nikapanga kumpeleka mwisho wa wiki. Kabla wiki haijafika mwisho, asubuhi moja tukijiandaa kwenda shule, alitoka chumbani na shavu limefura.

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Mama alikuwa amekuja kutuona. Alimtazama mtoto, akaugeuza uso wake taratibu. "Si ni meno ya maziwa haya? Yatang'oka yenyewe. Jino la maziwa ni mgeni, na mgeni hajengewi nyumba ya mawe."

Lakini aliyasema akitazama ukuta.

"Mama, naenda naye sasa hivi," nilisema.

"Basi ngoja nivae sweta," akajibu.

Tulienda kliniki ya meno upande wa Milimani. Daktari alikuwa mwanamke wa rika lako. Kabla hajagusa jino lolote alimpima Shiku joto, akampapasa chini ya taya na shingoni, akamuuliza kama anameza vizuri. Nilijua anatafuta nini. Sikupumua hadi aliposema, "Shingo iko sawa. Mmekuja mapema."

Alipiga picha ya meno, akatuonyesha. Lile lililobomoka lilikuwa na usaha kwenye mizizi; lingeng'olewa uvimbe ukishatulia kwa dawa. La pili uozo ulikuwa umefika kwenye kiini, lakini mizizi yake ilikuwa mizima. "Hilo nitaliokoa," alisema. "Naondoa sehemu iliyooza, naweka dawa ndani, halafu nalivika kofia ya chuma."

Mama akamuuliza, "Daktari, mbona uhangaike na jino la kung'oka?"

"Shosho, haya ya nyuma hayang'oki leo wala kesho. Atayatumia mpaka miaka kumi, hata kumi na moja. Yanamtafunia, na yanayashikia nafasi yale makubwa. Na jino la maziwa likioza, usaha wake si wa maziwa."

Mama akaitazama tena ile picha ya meno.

Siku ya matibabu ilipofika shavu lilikuwa limeshuka, lakini Shiku alipopanda kile kiti alifunga mdomo. Ni wewe mtupu, dada. Taya zile zile, macho yale yale yakitazama mlango. Daktari aliongea, mimi nikabembeleza, wapi! Nikamgeukia Mama. Nilidhani angesema ampakate.

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. "Mimi simshiki," alisema. "Nilimshika mama yake. Nilimshika kwa nguvu zangu zote, na hakufungulia mtu mdomo tena mpaka tukamzika."

Daktari aliweka vifaa chini.

"Basi leo hakuna mtu wa kumshika," alisema. Akasogeza kiti chake kikawa sawa na uso wa mtoto. "Shiku, wewe ndiye bosi hapa. Ukiinua mkono, mimi naacha. Sawa?"

Shiku akamtazama kwa muda mrefu. Akafungua mdomo kidogo. Kioo kilipoingia tu, akainua mkono. Daktari akakitoa. Akafungua tena, akainua tena, na kioo kikatoka tena. Alikuwa akimpima, dada, kama unavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Aliporidhika kwamba neno la daktari ni neno, alilala chali, akafungua mdomo wote.

Sindano ya ganzi aliisikia; alikunja vidole vya miguu. Mashine ilipolia aliinua mkono mara moja, akapumzishwa, wakaendelea. Kofia ya chuma ilipokaa, alipewa kioo cha mkononi akajiangalia. Lile bovu lilitoka baadaye kidogo. Alihisi kusukumwa, akaguna, likawa limeisha. Pengo lake litawekewa waya mdogo wa kulinda nafasi mpaka jino kubwa lije.

Mama alikuwa ametoka. Nilimkuta kwenye benchi la nje, mikono ameipakata mapajani kama vitu visivyo vyake.

"Kumbe inawezekana hivi," alisema. "Waithera wangu. Kumbe inawezekana hivi."

Nilikaa karibu naye. Alikupeleka kwa mtu pekee aliyemjua, kwa sababu ulikuwa unaumwa na alikupenda. Hasira ninayo, lakini kila nikitafuta wa kumpa, namkosa. Si yeye. Si wewe. Naishi nayo tu, na siku zingine huwa nyepesi.

Kila jioni sasa nampigia Shiku mswaki mwenyewe, mimi Tata yake, mama yake mdogo, mpaka mikono yake ikomae. Juzi, mdomo umejaa povu, aliniuliza, "Tata, mama yangu aliugua nini?"

Nilitaka kumpa lile jibu la zamani. Nikashindwa. Nilimketisha nikamwambia yote, kwa maneno ya kumtosha: jino, uvimbe, woga. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Hakuambiwa anaweza kuinua mkono?"

"Hakuambiwa," nikasema.

Akalia, dada. Ni mara ya kwanza nimemwona akikulilia wewe, Waithera, mwenye jina na mwenye maumivu, wala si neno "mama" analosikia kwa watoto wengine. Nililia naye, na tulipomaliza alitaka kujua umelala wapi.

Jumamosi tunapanda Kabazi. Mama ameshafyeka nyasi kaburini na kupanda maua pembeni. Nilikuwa nikijiuliza nimfundishe Shiku aseme nini akifika kwako, sala au wimbo wa kanisani. Nimeamua simfundishi kitu. Mdomo ni wake.

Tulia, dada. Tunakuja.

Mdogo wako, anayekulelea