Sahani ya Mwenye Kuitwa

Saidi, mujukuu wangu, bwana yangu mudogo,

Salamu zikufikie huko Kalemie. Hapa Kasongo tuko salama. Mama yako amerudi toka Kabambare na pikipiki; mugongo unamuuma, lakini anacheka.

Unaniuliza kama uingie rezerve ya jeshi ya maji: kazi yako unabakia nayo, ila siku wakikuita, unaenda. Heshima iko, na kuogelea unajua.

Babu yako alikuwa mupiga kasia hapa Lualaba. Siku ya ndoa yetu, tumeanza tu kula sahani moja, ngoma ya kuita wapiga kasia ikalia mutoni: mutumbwi umepinduka. Akanawa mukono, akaenda na kanzu yake nyeupe. Wanawake wakaniambia nile. Nikafunika sahani na ingine, nikangojea. Alirudi jioni, kanzu matope tupu, amebeba mutoto wa watu, muzima. Tukala ule wali baridi. Sijaonja wali mutamu vile tena.

Lakini miaka yote, ngoma ikilia, mwenye kufunika sahani alikuwa mimi.

Basi usiniulize mimi. Muulize Zaina, muchumba wako. Umwambie ukweli, kwamba watakuita wakati wa kula. Akitafuta sahani ya kufunikia, nenda na baraka yangu.

Nyanya yako,
Mwamini