Maji ya Kuoga

Bergen, Norwei
9 Juni 1966

Kwa Bi Radhiya binti Athman, Matondoni.

Salamu nyingi kwako na kwa mzee wako. Mimi ni mzima, ila mafua.

Jana meli yetu ilikuwa ikipakuliwa, basi mimi na Wanyama, mpishi mwenzangu, tukapanda boti ya watalii ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tuliingia mkono wa bahari uliobanwa na majabali marefu pande zote mbili, hakuna nyumba wala mtu. Nahodha alisema majabali yale yalichongwa na barafu. Barafu, Radhiya! Kama baba yako achongavyo mbao kwa tezo.

Kisha akasogeza boti chini ya maporomoko, tukinge maji ya barafu tuonje. Wazungu wote wakakimbilia ndani, na Wanyama mbele yao. Mimi nikabaki nje. Mtu wa Matondoni niogope maji? Yaliniangukia yote. Meno yaligongana hata Wanyama akadhani injini imeharibika.

Hapo nikakumbuka asubuhi ile niliyokupigia kelele kwa kuwa maji yangu ya kuoga yamepoa, nawe ukafungua mlango wa nyumba uliyopewa na baba yako, ukaniambia, "Kaoge kwa Wazungu!"

Basi nimeoga.

Miaka miwili hujajibu barua zangu, wala sikulaumu. Mwezi wa Rajabu nitashuka Mombasa. Nikibisha hodi, nifungulie. Maji usiyatie moto, nitayaoga yalivyo.

Mumeo, kama bado wanitaka,
Muhdhar