Shati la A-Sheng

Mtaa wa Bandari ya Zamani, ghorofa ya tatu,
Wuzhou, Guangxi.
18 Novemba 2012

Mpendwa Dada Yulan,

Habari za huko kwenye barafu? Jicho lako lililopasuliwa linaendeleaje? Usije ukaniambia umeshaanza kushona tena, maana nakujua, kukaa kitako hujui. Na shemeji, kile kikohozi chake kimepungua? Mimi mwili ni mzima. Mzee wangu Qin naye ni mzima, isipokuwa mdomo ameufunga tangu wiki iliyopita, na siku hizi sijui hata nimgombeze nani.

Uyoga mkavu uliotuma tuliupata. Niliuweka kwa ajili ya wageni, na kweli wageni wameula. Sasa nikupe habari za hao wageni, na ukiona mwandiko umepinda uniwie radhi.

A-Sheng ameondoka, Dada.

Kituo cha watoto kilinikabidhi akiwa mchanga, mdomo wake umepasuka, hawezi kunyonya chupa, nikamlisha kwa kijiko tone kwa tone. Sasa ana miaka minne, mdomo ulishashonwa, na maneno yanamtoka kama bomba lililovunjika. Tangu mwanzo nilijua kwamba si wangu. Niliweka sahihi kuwa najua. Lakini moyo wangu haukuweka sahihi yoyote.

Waliomchukua ni watu wa Norwei, walewale waliomchukua A-Lin miaka sita iliyopita. A-Lin unamkumbuka, yule msichana wa moyo mgonjwa, aliyevizamisha viatu vyako kwenye ndoo ulipokuja mara ya mwisho. Safari hii walikuja naye. Walisubiri ruhusa zaidi ya miaka miwili, wakapanda ndege tatu, kisha basi kutoka Guangzhou, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara, wakalala humo humo ndani ya basi. Mama wa sasa wa A-Lin anaitwa Ingunn. Alipanda ngazi zetu miguu imevimba mpaka viatu amevishika mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Sisi walezi huwa haturuhusiwi kuwapo siku mtoto anapochukuliwa. Lakini Ingunn aliomba sana A-Lin aione nyumba aliyolelewa, wakubwa wakakubali: chakula cha mchana tu, kisha waondoke na mtoto. Bi Tan wa kituo akaja kutafsiri.

Nikuambie ukweli, nilimpikia A-Lin kuliko wote. Kuku wa kufungwa kwenye karatasi, na uji na figili chachu, vitu alivyokuwa akivililia. Nilishajitapa mtaa mzima kwamba akiniona tu ataniita Mama.

Basi akaingia. Mrefu, nywele fupi, vyuma kwenye meno. Akanipa mkono kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Akakaa amembana mama yake, akauonja uji kwa ncha ya kijiko, akaomba mkate. Mama Huang wa ghorofa ya chini, aliyejialika mwenyewe, hakukawia.

"Guizhen, ndiye huyu wa kukuita Mama? Mbona hata uji wako anauogopa?"

"Wewe kula kuku unyamaze," nikamwambia. "Ukimaliza na mifupa nitakufungia."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaingia jikoni nikalia juu ya sufuria ya wali.

Niliporudi, nilimkuta yule baba, Terje, jitu zima lenye ndevu nyekundu, amemnyanyua A-Sheng kutoka kwenye kigoda amrushe juu, amchekeshe. Mtoto alipiga ukelele mmoja, pumzi zikakwama, kisha akawa kimya. Alipowekwa chini alibaki macho makavu, hamtazami mtu, mikono baridi. Hali ile unaijua. Terje mwenyewe alikuwa mweupe kama karatasi, mikono ameiinua kama aliyekamatwa na polisi. Bi Tan akakimbilia maji.

"Maji ya nini?" nikamwambia. "Roho yake imeshtuka ikakimbia. Ngoja niiite."

Nikafanya alivyotufanyia mama yetu. Nikachukua shati lake kwenye kamba, bado na unyevu, na konzi ya mchele. Nikasimama kizingitini, nikarusha mchele, nikapunga shati.

"A-Sheng ee! Usikae kwenye woga! Rudi nyumbani ule wali! Umerudi?"

Mtoto akishindwa kujibu, mtu wa nyumbani humjibia. Siku zote alikuwa Mzee Qin. Siku hiyo nilimwona anafungua mdomo na koo halitoi kitu. Nikaita tena, "A-Sheng ee, umerudi?" Hata Mama Huang aliacha kutafuna.

"Nimerudi!"

Alikuwa A-Lin. Kwa lugha yetu, kwa lafudhi yetu ya Wuzhou, mwisho wa neno umepandishwa juu kama tunavyofanya sisi. Mkate ulikuwa bado mkononi. Akatugeukia mmoja mmoja, ameshangaa, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. Bi Tan akamuuliza kwa lugha yao amesema nini, akatikisa kichwa. Hakujua. Dada, kwa moyo ule wake mbovu na sindano zile za kila wiki, nilimwitia mtoto yule mlangoni mara nisizoweza kuzihesabu. Na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtu wa nyumbani.

A-Sheng akavuta kamasi, akaja akajifuta kwenye suruali yangu. Nikajua amerudi kweli.

Ingunn alilia mpaka akaomba radhi. Halafu akamwambia Bi Tan nimfundishe maneno yale. Nikamfundisha. Aliyatamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, hata A-Lin akacheka, lakini hakuacha mpaka akayaweza.

Ikabaki nguo. Unajua kwamba roho hufuata nguo, na aliyeishika ndiye anayesikiwa. Nilisimama pale na shati lile na sikutaka kulitoa. Kisha nikalikunja nikamwekea Ingunn mikononi. Nikaenda kwenye droo, nikatoa na koti jekundu la A-Lin nililolificha miaka yote hii, nikaliweka juu yake.

"Mama Mo, baki walau na kimoja, cha kumbukumbu," akaniambia Bi Tan.

"Hapana. Akiitwa pande mbili atapotea njiani."

Walipokuwa mlangoni, A-Sheng akiwa ameshikwa mkono na A-Lin, alinitazama miguu.

"Mama, mbona hujavaa viatu?"

"Leo mnasafiri nyinyi, baba. Mimi nabaki."

"Basi unipikie yai," akasema, akashuka ngazi.

A-Lin hakuniita Mama. Simdai.

Sasa taabu yangu ni jioni. Saa ya wali, akina mama wa uani hufungua madirisha kuwaita watoto wao. Sauti yangu unaijua, Mama Huang husema hata ng'ambo ya mto watu hunawa mikono ya kula nikiita. Kila siku najikuta dirishani, jina limeshafika ulimini, najiziba mdomo kwa aproni. Shati nimelitoa, lakini sauti hii anaijua zaidi ya shati. Isije roho yake ikanisikia ikaanza safari, ikamwacha mtoto mgonjwa ugenini.

Wasalimie shemeji na mwanao Jianhua, na umwambie mkewe asibebe ndoo za maji na mimba hiyo. Mbingu ziwape baridi ya wastani na mjukuu mwenye afya. Nawe ukimwombea A-Sheng, mwombee kimoyomoyo, jina usilitamke.

Mzee Qin hajatuma salamu. Wiki nzima amesema mara moja tu, jana, nilipokuwa nafunga dirisha. Alisema, "Guizhen, mwite. Mara moja tu, polepole." Nikalifunga dirisha, nikaenda kupakua wali. Nilikuwa nimepika na yai.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda jana na leo,
Guizhen