Mguu wa Wifi

Nyarugusu, Jumanne usiku, 1974

Mgongo umeniuma mpaka nikamwita wifi, ingawa tangu Krismasi hatusemezani. Yeye ni Kashinje, alizaliwa kwa kutanguliza miguu, na huku kwetu mtu wa namna hiyo ndiye anayetibu mgongo kwa kuukanyaga.

Nikalala ubavu kwa sababu ya tumbo la mimba. Akavua kandambili, akanikanyaga kiunoni taratibu, kwa furaha iliyopita kiasi.

“Umepata nafuu, Mama Neema?”

Nimepata. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nikamwambia alichosema nesi wa kliniki asubuhi: mtoto hajageuka, miguu bado iko chini.

Wifi, anayejisifia miguu yake kila mahali, akairudisha kwenye kandambili. Kisha akasema anahamia kwangu mpaka nijifungue.

Sikubisha.